Mchungaji Naye Ajifunze Hesabu

Kila mara mitaala ya vyuo vya theolojia inapopitiwa upya, huinuka sauti ile ile: hisabati na sayansi ni za nini kwa mchungaji? Atahesabu nini zaidi ya washarika na sadaka? Basi hupendekezwa kwamba masomo hayo yafutwe katika miaka ya mwanzo ya maarifa ya jumla, na nafasi yake ichukuliwe na vipindi zaidi vya mahubiri. Sisi tunaofundisha vyuoni tunasema hapana, na tunasema hivyo kama Walutheri.

Wanaotaka kuyafuta hudhani wanalinda urithi wa Matengenezo. Urithi huo unawashuhudia kinyume. Katika vyuo vya siku zile kijana hakurukia theolojia. Alipitia kwanza kitivo cha sanaa, akasoma sarufi, balagha na mantiki, na pamoja nayo hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Philipp Melanchthon, mwandishi wa Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ndiye aliyeitetea hisabati huko Wittenberg. Mwaka 1536 Georg Joachim Rheticus, kijana wa miaka 22, aliwekwa kuifundisha. Huyo ndiye aliyesafiri mwaka 1539 hadi kwa Copernicus akamhimiza achapishe kitabu chake, kikatoka Nürnberg mwaka 1543. Melanchthon mwenyewe hakukubali kwamba dunia hulizunguka jua. Hata hivyo hakuwafungia wanafunzi wake mlango wa kupima na kuhesabu.

Tumtazame pia Johannes Kepler. Mwaka 1589 alifika Tübingen akiwa na nia ya kuwa mtumishi wa Kanisa. Miaka miwili ya kwanza aliitumia katika kitivo cha sanaa, akafundishwa hisabati na elimu ya nyota na Michael Maestlin, akapata shahada yake mwaka 1591 ndipo akaanza theolojia. Kabla hajamaliza, mwaka 1594 alitumwa Graz kufundisha hisabati katika shule ya Kilutheri. Baadaye, alipokuwa akitafuta njia ya sayari ya Mirihi, hesabu zake zilipishana na vipimo vya Tycho Brahe kwa dakika 8 tu za nyuzi, yaani kama robo ya upana wa mwezi mpevu tunavyouona angani. Angeweza kunyamaza. Badala yake aliitupa kazi ya muda mrefu akaanza upya, na mwaka 1609 akatangaza kwamba njia hiyo si duara kamili. Tunauliza: je, uaminifu wa namna hiyo mbele ya ukweli si tunda la kiroho? Ni mahubiri mangapi yetu yangesalimika kama tungeyapima hivyo?

Wengine watasema hayo ni ya Ujerumani na ya zamani. Haya, turudi kwetu. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania iliisimamisha DECI, mpango wa fedha uliotumia lugha ya mimbari: kupanda mbegu na kuvuna. Mchungaji aliyejifunza mfuatano wa namba angeweza kuwaonya washarika wake kwa chaki na ubao. Ikiwa malipo ya kila mtu yanategemea wapya wawili, hatua ya kwanza inahitaji watu 2, ya kumi 1,024, ya ishirini 1,048,576, na ya ishirini na sita 67,108,864. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Mavuno hayo yangetoka wapi? Hapo hakuhitajika nabii. Ilihitajika hesabu ya kuzidisha kwa mbili.

Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Wapo wagonjwa waliotoka hospitalini kwenda huko. Hatusemi Mungu haponyi. Tunaliombea hilo kila Jumapili. Lakini anayefundishwa sayansi hujifunza kuuliza: waliopona ni wangapi, nani aliwapima kabla na baada, na wale ambao hawakupona wako wapi? Maana aliyepata nafuu husimama kutoa ushuhuda, na aliyekufa hasimami. Mchungaji asiyelijua jambo hilo dogo atawazika watu ambao angeweza kuwarudisha kwenye dawa zao.

Tunaambiwa ujuzi huleta majivuno, na 1 Wakorintho 8 inanukuliwa. Ni kweli, ujuzi usio na upendo huvimba. Lakini ujinga nao una majivuno yake, tena hupiga kelele zaidi. Danieli na wenzake walisoma elimu ya Wakaldayo na bado wakakataa chakula cha mfalme. Na Bwana wetu, akifundisha gharama ya kumfuata, katika Luka 14 alichukua mfano wa mjenzi anayeketi kwanza kupiga hesabu ya mnara wake. Hakumcheka mjenzi huyo kwa kukosa imani.

Hatudai kwamba hisabati huokoa. Aokoaye ni Kristo, kwa neema, kwa njia ya imani. Lakini kijana wa kidato cha nne anayesikia mimbarini kwamba sayansi ni ya shetani, kesho yake akaiona ikifanya kazi maabara, huondoka usharikani akidhani amelazimishwa kuchagua. Aliyemlazimisha ni sisi.

Kwa hiyo tunaziomba dayosisi na bodi za vyuo: msiyafute masomo haya. Yapeni walimu, vitabu na vifaa. Anayetumwa kuwachunga watu na aende akijua kuhesabu, kupima na kuuliza, ili mbwa mwitu akija na tarakimu mdomoni, mchungaji aweze kumjibu.