Mutueli ya afya kazini: bei ndiyo inawafukuza wafanyakazi

Mwajiri anapoleta mutueli ya afya kazini, kisha wafanyakazi wachache tu wakajiandikisha, lawama huwaangukia wao: hawajali afya, hawaelewi bima, wanataka kukamata mshahara mzima. Sisi tunaona kwamba wengi wanaelewa vizuri sana. Wamepiga hesabu na wameona hawawezi.

Mutueli nyingi huomba mchango kwa kila kichwa. Tuseme ni dola 2 kwa mwezi. Sentinele anayepata dola 100, mwenye mke na watoto watano, atakatwa dola 14. Mkurugenzi anayepata dola 1.000, mwenye jamaa kama hiyo, atakatwa dola 14 hizo hizo. Kwa sentinele ni asilimia 14 ya mshahara; kwa mkurugenzi haifiki hata asilimia 2. Tena siku ya ugonjwa, mwanachama bado analipa sehemu yake ya bei ya matunzo. Basi mwenye mshahara mdogo anajiondoa. Na siku mtoto wake atakapopasuliwa, ndiye atakayezuiliwa hospitalini mpaka ndugu na majirani wachange makuta ya kumtoa.

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 iko wazi: mwajiri ndiye mwenye jukumu la matunzo ya mfanyakazi na jamaa yake, yaani munganga, dawa na hospitali, wakati wote wa mkataba. Mutueli inaweza kumsaidia mwajiri kutimiza jukumu hilo. Haimpi ruhusa ya kulihamishia kwenye mshahara wa mfanyakazi.

Kuna wanaofikiri kwamba CNSS inatosha, kwa sababu kila mwezi wanaona asilimia 5 imekatwa. Hiyo asilimia 5 ni ya pensheni. Mwajiri naye huchangia pensheni, ajali za kazi na malipo ya watoto. Malaria ya mtoto nyumbani haimo.

Tunajua waajiri wa mashariki wana mizigo yao: vita, barabara mbovu, kodi zisizohesabika. Lakini mutueli yenyewe haiishi bila watu wengi. Wakiingia tu wale ambao tayari ni wagonjwa, pesa zinaisha, mchango unapanda, na wazima nao wanatoka. Mwishoni mwajiri anabaki na bili za hospitali ambazo hakuzipangia.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, mwajiri alipe mchango wa matunzo ambayo sheria inamdai. Wafanyakazi wakikubali kuongeza kitu ili wapate huduma zaidi, kikatwe kwa asilimia ya mshahara, mwezi kwa mwezi, bila kuwadai mchango wa mwaka mzima kwa mara moja. Pili, wakaguzi wa kazi wanapopita kwenye kampuni wasiishie kwenye mikataba. Waangalie pia ni nani anayelipa hospitali. Tatu, sendika zisome karatasi za mutueli kabla ya kuzikubali, na ziwaeleze wanachama kwa lugha wanayoielewa: kinacholipwa, kisicholipwa, na kiasi kitakachobaki juu ya mgonjwa.

Mambo hayo yakifanyika, na bado watu wakakataa kujiandikisha, hapo ndipo tutaweza kuzungumza juu ya uzembe wa wafanyakazi.