Mbwa naye amepiga miayo

Jioni moja kwenye boma huku Olbalbal, mtoto alipiga miayo akisubiri maziwa. Mbwa aliyelala mlangoni akamtazama, naye akapiga. Bibi akacheka: "Wameambukizana usingizi."

Hakukosea sana. Mwaka 2008 watafiti wa London waliwapigia miayo mbwa 29, na 21 wakaiga. Mwaka 2013 wenzao wa Japani wakaona mbwa huiga zaidi miayo ya anayemfuga kuliko ya mgeni. Huenda ni ukaribu tu.

Ila mzazi, mbwa hupiga miayo hata akiwa na hofu. Mtoto akimkumbatia shingoni, naye anapiga miayo, anageuza uso na kujilamba midomo, huyo hana usingizi, anataka aachwe. Mwondoe mtoto taratibu.

Akishang'atwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji ya kumimina dakika 15. Najua maji yetu hubebwa na punda, lakini hapa usiyabanie. Kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo apate chanjo, kwani dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Mbwa wa bibi niliuliza. Amechanjwa.