Tyubu ya sebuleni inavyokula tokeni zako

JE, msomaji, umewahi kubonyeza swichi jioni, tyubu ikapepesa mara tano kisha ikawaka upande mmoja tu, huku mtoto akikungoja na daftari lake la hisabati? Wengi wetu hukimbilia dukani kununua stata nyingine. Kabla hujatoka, chukua kalamu tupige hesabu.

Tyubu ya kawaida ya futi nne imeandikwa wati 36. Hiyo si hesabu kamili. Choku, kile chuma kizito kilichofichwa ndani ya fremu, nacho hula wati nane au tisa, na ndicho hunguruma taa ikiwaka. Basi unalipia wati 45 hivi. Tyubu ya LED ya urefu uo huo hutumia wati 18.

Tuseme taa ya sebuleni huwaka saa tano kila siku. Kwa siku 30, ile ya zamani itamaliza karibu yuniti saba za stima, ya LED yuniti tatu kasoro. Ikiwa yuniti moja wainunua kwa Sh25, utaokoa Sh100 kwa mwezi, taa moja tu. Hata ukiuziwa LED kwa Sh500, itajilipia kabla ya nusu mwaka kwisha.

Utaniuliza, wati 18 zitamulika vipi kama 36? Tyubu ya zamani humwaga mwanga pande zote, mwingine ukapotelea darini. LED huuelekeza chini, mezani. Lakini soma lumeni kwenye pakiti, si wati pekee. Tafuta 1,800 au zaidi. Isiyoandikwa lumeni mwachie mwenye duka, hata akikuapia.

Kinachonitia wasiwasi ni kuibadilisha. Zima swichi kuu kwanza. LED nyingi huja na stata yake bandia: toa ile kuukuu, uweke hiyo. Zingine huingiza umeme upande mmoja, zingine pande zote mbili, na ukikosea utaleta shoti. Fremu ikiwa ni ile nyepesi isiyo na stata, mwite fundi wa stima abadilishe nyaya. Nawe mpangaji, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kugusa nyaya. Fremu ni yake.

Tyubu iliyoungua nayo usiiegemeze nyuma ya mlango watoto wakaifanya upanga. Ina zebaki ndani, ambayo ni sumu. Ikivunjika, watoe watoto, fungua madirisha, ungoja dakika 15 hivi, kisha uzoe vigae kwa kadibodi. Usifagie. Ni kwa sababu ya zebaki hiyo ndipo mataifa ya Mkataba wa Minamata yalipokubaliana mwaka wa 2023 kwamba utengenezaji wa tyubu hizi ukome ifikapo mwisho wa 2027.

Ile ya stoo, inayowashwa dakika mbili ukitafuta unga, iache iishe yenyewe. Anza na ya pale mtoto anaposomea.