Mgeni Siku Mbili, ya Tatu Mpe Jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tunaoishi katika mji huu wa London tumekwisha kuivuka siku ya tatu. Wapo miongoni mwetu walioivuka tangu miaka thelathini iliyopita. Swali la safu yetu mwezi huu ni hili: jembe letu li wapi?

Twauliza kwa sababu ya Jumapili moja ya mwezi Mei, ambapo familia zetu kumi na nne zilikutana Wanstead Flats, mashariki mwa mji, kuokota takataka asubuhi na kucheza mchana. Kila mtoto alipewa glavu, mfuko na koleo refu la kuokotea. Vigae vya chupa waliachiwa watu wazima.

Siku chache kabla, mzee wetu mmoja tunayemheshimu sana alikataa mwaliko. "Mwalimu," alisema, "nimefagia ofisi za nchi hii miaka ishirini na miwili, alfajiri, kabla wenyewe hawajaamka. Leo niwafagilie na viwanja vyao bure? Na wajukuu zangu waonekane na mifuko ya taka, watu waseme ndiyo kazi yao?" Hatukuwa na jibu la haraka, wala hatukuliona neno lake kuwa la upuuzi.

Jibu tulilipata katika historia ya uwanja wenyewe. Wanstead Flats ni sehemu ya msitu wa Epping. Katika karne ya 19 wenye mali walikuwa wakiimega ardhi ya msitu na kuizungushia ua. Mwezi Julai 1871 maelfu ya watu walikusanyika pale pale kupinga, na ua ukavunjwa. Mwaka 1878 Bunge likapitisha sheria ya kuuhifadhi msitu uwe wazi kwa watu wote, ukatiwa katika ulinzi wa City of London. Wengi wa wale waliopinga walikuwa wafanyakazi wa kawaida. Hawakutujua sisi, lakini leo watoto wetu wanakimbia juu ya majani yale pasipo kulipa hata peni moja. Kwa hiyo uwanja ule si mali ya mabwana wa mzee wetu. Ni urithi aliorithishwa na vibarua wenzake.

Watoto walijifunza mengi ambayo hatukuyapanga. Sehemu moja ya uwanja ilikuwa imezungushiwa uzio, na mmoja akauliza kama wenye mali wamerudi. La, uzio huo ni kwa ajili ya ndege mdogo wa jamii ya kipozamataza, aitwaye skylark, ambaye hujenga kiota chake chini, katikati ya majani. Mguu wa mtu au mbwa wamtosha kumharibia uzazi, na idadi yake katika Uingereza imepungua sana tangu miaka ya 1970. Wengine walinung'unika kwamba hatukuchoma mishkaki palepale. Tukawakumbusha kuwa kuwasha moto hapo ni marufuku, na kwamba Julai 2018 nyasi za uwanja ule ziliwaka hata magari 40 ya zimamoto yakaitwa. Mishkaki ilichomwa nyumbani, ikaletwa pamoja na sambusa, maandazi na chai ya maziwa, tukala kikoa.

Jambo lililotutia haya lilitokea karibu na miti, mahali tupendapo kukaa siku za Idi. Binti wa miaka tisa alituletea vifuko vitupu vya plastiki, rangi nyekundu imeganda ndani yake. Vilikuwa vya ubuyu. Hapakuwa na haja ya kuuliza nani aliyevitupa.

Adhuhuri ilipoingia tulitandika mikeka, tukasali jamaa. Yule mzee alikuwa amefika kwa ajili ya chakula, akakaa na wenzake. Mfuko hakushika. Tulipomwonyesha vile vifuko alicheka, kisha akanyamaza kitambo. "Hizi zetu," alisema, "hizi ningeziokota."

Alasiri ikawa ya michezo: mbio za magunia, nage, na kuvuta kamba, ambapo akina mama waliwashinda akina baba mara mbili, na hatukuona mtu aliyetaka mara ya tatu. Watoto wa Kiingereza waliokuwa wakipita na wazazi wao walikaribishwa, wakaingia kambani.

Ndugu wasomaji, sote tumefundishwa tangu chuoni kwamba kuondoa njiani kitu chenye kumuudhi mpita njia ni miongoni mwa matawi ya imani. Mafundisho hayo hayakutaja njia ya nchi gani. Kufagia kwa ujira ni riziki ya halali, wala hakuna aibu ndani yake. Lakini kufagia kwa hiari ni kazi ya mwenyeji, kwa kuwa mgeni hangoji kesho ya mahali. Watoto wetu hawana kesho nyingine isipokuwa hapa.

Mwezi Oktoba, Inshallah, tutarudi. Wenye nia waandikishe majina baada ya darasa la Jumamosi, na waje na glavu zao. Ubuyu unaruhusiwa, vifuko vyake virudi nyumbani.

Wabillahi tawfiq.