Wasomi Wazungumze Nasi

Kila wasomi wetu wanapokutana kujadili vitabu vipya kuhusu jamii, utamaduni na utawala, mimi hujiuliza: mbona mwananchi anayezungumziwa haalikwi? Mjadala huwa kwa Kiingereza, naye hubaki mlangoni.

Tukumbuke mwaka wa 1977. Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Petals of Blood, iliwasuta wakubwa kwa Kiingereza, na waziri Mwai Kibaki akaizindua. Mwaka huo huo tamthilia aliyoiandika na Ngũgĩ wa Mirii, Ngaahika Ndeenda, iliwasuta kwa Kikuyu, ikichezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Ilipigwa marufuku, naye akatiwa kizuizini. Kilichotisha ni kueleweka.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Wasomi wasipokitumia, wakiri kwamba wanazungumza na wakubwa, si nasi.