Mgeni wa Siku Moja Jijini Mwanza



Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumezoea kuitumia kwa maana nyepesi, kwamba mgeni akija kuku huchinjwa, na mwenyeji naye huambulia mchuzi. Jumamosi iliyopita tuliionja maana yake nyingine. Tulimpokea mgeni kutoka Ulaya, mwalimu mstaafu na rafiki wa parokia yetu, aliyekuwa na siku moja tu ya kulitazama Jiji la Mwanza kabla ya kuendelea na safari yake ya Serengeti. Ya siku hiyo ndiyo tunayotaka kuyatafakari pamoja nanyi wiki hii.

Tukiri mapema kwamba ratiba tuliiandaa kwa uangalifu, na uangalifu wenyewe haukuwa mnyofu. Asubuhi Mwamba wa Bismarck, kisha boti ya kwenda Kisiwa cha Saanane, ambacho tangu mwaka 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Alasiri Makumbusho ya Wasukuma kule Bujora. Jioni machweo ya jua ziwani. Soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba, hatukuliweka. Vilima vya Mabatini, vyenye nyumba zilizopandana juu ya mawe, havikwepeki kwa mtu aendaye Bujora. Hivyo tulitumaini kwamba kufikia hapo mgeni atakuwa anasinzia.

Mgeni hakusinzia. Pale ufukweni alipoambiwa kwamba mwamba ule uliobebana na maji unaitwa kwa jina la Chansela wa Ujerumani aliyeongoza Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885, alicheka, maana mzee yule hakupata kuliona ziwa hili hata siku moja. Kisha akawaona akina mama wakipita na mabeseni ya samaki vichwani, akauliza: “Samaki hawa wanauzwa wapi?” Tukajaribu kumkumbusha habari za boti ya Saanane. Akauliza tena. Basi kisiwa kikabaki kutazamwa kwa mbali, nasi tukaelekea Mwaloni.

Anayeifahamu Mwaloni hahitaji maelezo yetu. Magunia ya dagaa, kayabo iliyopangwa kama matofali, wachukuzi wanaopiga kelele za kuombwa njia, na wafanyabiashara kutoka Kongo, Rwanda na Burundi wakibishana bei. Tulimweleza mgeni kwamba minofu ya sangara huenda Ulaya kwa ndege. Kwamba mabondo yake, yaani ule mfuko wa hewa ulio tumboni mwa samaki, huuzwa China kwa bei inayoipita mbali ile ya nyama yenyewe. Na kwamba mapanki, yale mabaki ya kichwa na mifupa, hukaangwa na kuliwa na wasio na uwezo wa kununua minofu. Mgeni akatoa kamera.

Hapo ndipo mama mmoja mwenye beseni la dagaa alipotuita: “Baba Paroko, mwambie mgeni wako anisalimie kwanza. Picha haikimbii.”

Tuliona haya. Mgeni alipotafsiriwa maneno hayo, alirudisha kamera mfukoni, akaomba kufundishwa salamu, akasema “Mwangaluka” kwa ulimi mzito. Soko zima likaangua kicheko, mama akaitikia, na mazungumzo yakachukua karibu nusu saa: bei ya dagaa msimu wa mvua, karo za watoto, taabu ya kukausha mchangani jua likikosekana. Picha ilipigwa mwishoni, na mama mwenyewe ndiye aliyechagua mahali pa kusimama.

Wapendwa, katika sentensi ile moja ya yule mama tumeiona historia ya jiji letu na wageni wake. Mapema Agosti 1858 alifika hapa Mwingereza John Hanning Speke, akitokea Kazeh, ambayo leo ni Tabora, akiwa na mkalimani wake Sidi Mubarak Bombay. Alilitazama ziwa kwa siku chache tu. Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; huyu hakungoja jembe. Aliondoka bila kulivuka ziwa, akiwa amekwisha kulipa jina la malkia wake na kuamua kwamba hapa ndipo chanzo cha Nile. Tumtendee haki: kuhusu Nile alikisia vema, na mwaka 1862 alirudi akauona mto ukitoka ziwani pale Jinja. Lakini ziwa lilikuwa na wenyewe, nao walikuwa wakiliita Nyanza. Jina lilitangulia salamu.

Karne moja na nusu baadaye alikuja Hubert Sauper na filamu yake ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare. Dunia iliiona Mwanza ya mapanki, watoto wa mitaani na ndege za mizigo. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani, na wengi wetu tulikasirika pamoja naye. Umaskini ule haukuwa wa kubuni, tuseme kweli. Kilichotuuma ni kuonyeshwa kidonda bila kuonyeshwa mtu mwenye kidonda. Hata hivyo tujiulize: ratiba yetu ya Jumamosi ilikuwa na tofauti gani? Filamu ilificha uzuri, sisi tulipanga kuficha kidonda. Pande zote mbili, yule mama wa dagaa hasalimiwi.

Tulipopita Mabatini, mgeni aliinua macho akauliza ni akina nani wanaoishi kule juu ya mawe, na maji wanayapandishaje. Swali hilo lilituchoma, kwa sababu jibu tulilijua vizuri mno: ni waumini wetu. Ni wanakwaya wetu, ni wale wanaotukaribisha jumuiya zinaposali nyumbani kwao. Maji hubebwa kwa ndoo, mara nyingi na watoto. Kumbe tulikuwa tumewaonea aibu watu wetu wenyewe mbele ya mgeni! Mficha uchi hazai.

Tangu hapo hatukuficha tena. Tulipofika Igoma tulisimama penye makaburi ya ndugu zetu waliozama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu, karibu kabisa na nyumbani. Mgeni alivua kofia, akakaa kimya. Hakupiga picha, wala hatukumkataza.

Bujora tulifika jua likianza kuinama. Pale tulimwonyesha kanisa la mviringo lililojengwa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na vifaa vya ngoma za Bagika na Bagalu. Yote hayo yanahusiana na mgeni mwingine, Padre David Clement kutoka Kanada, Mmisionari wa Afrika, aliyeianza kazi hiyo miaka ya 1950. Yeye alikaa, akapokea jembe, akajifunza kabla ya kufundisha; na Wasukuma ndio waliompa jina, wakamwita Fumbuka. Speke alitoa jina, Fumbuka alipewa.

Si kila mgeni aweza kukaa miaka kama Fumbuka. Wa kwetu alikuwa na siku moja, na ilitosha, kwa sababu aliuliza na akakubali kufundishwa salamu. Wale wanafunzi wawili wa Emau walidhani mwenzao wa njiani ni mgeni asiyejua yaliyotokea mjini. Kumbe yeye ndiye aliyewafumbua macho.

Basi, ndugu zetu, mkijaliwa mgeni, mpelekeni Mwamba wa Bismarck, maana ni mzuri kweli. Mpelekeni na Mwaloni. Lakini kabla hajaja, tupande wenyewe kule Mabatini na ndoo mkononi, tukasalimie. Sisi tumepanga kwenda Jumamosi hii, saa moja asubuhi. Atakayependa kufuatana nasi, tukutane mbele ya kanisa.