BARUA SI HUKUMU!

Ndugu wanachama, wako wenzetu Uingereza, wafanyakazi na wanafunzi, wanaotishwa kwa karatasi. Barua huletwa katika nyumba isiyo na leseni ya televisheni. Mara nyingi haitaji jina la mtu, bali “Mkaaji Halali”. Hutaja mahakama na faini ya pauni 1,000. Mgeni asiyejua sheria hutetemeka akalipa. Huo ni ushuru wa woga!

Sheria ya mwaka 2003 haifichwi. Leseni yatakiwa kwa atazamaye au anasaye matangazo ya televisheni yakiwa hewani, ya stesheni yo yote; na tangu Septemba 2016, kwa atumiaye iPlayer ya BBC. Huyo na alipe; hatutetei wakwepaji. Lakini leseni ya redio ilifutwa mwaka 1971, na mwenye seti ya kuonyeshea diski tu hadaiwi kitu. Tangu lini asiye na baiskeli akadaiwa leseni ya baiskeli?

Basi tuwaandikie ndugu zetu hivi: Ukipenda, waarifu kuwa huhitaji leseni, sheria haikulazimishi kujibu. Mkaguzi akibisha hodi, hana haki ya kuingia pasipo idhini yako au hati ya mahakama. Usimtukane. Mwambie, “Kwaheri, bwana,” ufunge mlango. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa.

Deni la haki tulilipe. Lisilo la haki tulikatae. Mtu huru hanunui usingizi wake!